Mfumo Unaiona Fedha ya Chuo, Wanachuo Hawaioni

Anayefuatilia habari za vyuo vya umma hapa Dodoma hawezi kumaliza wiki bila kusikia kauli hii: siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Wahasibu huisema wanapoulizwa swali gumu, wazazi huisema wanapofarijiana kuhusu ada wanayolipa, na viongozi huirudia wanapofungua mafunzo ya watumishi. Kauli hiyo ina msingi. Tangu mwaka 2017 taasisi za umma zimekuwa zikiingizwa katika mfumo wa makusanyo wa GePG, na leo mzazi wa Bahi au Kongwa hulipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo mtaani tunaiita kontroo namba, bila kumkabidhi mtu yeyote noti mkononi. Ununuzi nao umehamia NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Mianya kadhaa ya zamani imezibwa, na asiyekiri hilo hatendi haki. Tatizo ni kwamba kutokana na mafanikio hayo wengi wamehitimisha kuwa suala la uwazi katika vyuo vyetu limekwisha, na kwamba anayeendelea kuuliza ana lake jambo. Hitimisho hilo limekosewa, tena limekosewa wakati mbaya, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa Dodoma Februari 2025, imeupa mkondo wa amali, yaani ule wa ufundi na stadi za kazi, uzito mkubwa, na vyuo vya ufundi vinatarajiwa kupokea vijana wengi zaidi, vifaa vingi zaidi na fedha nyingi zaidi.

Hoja yangu ni kwamba uwazi una mwelekeo. Kuna uwazi wa kwenda juu, ambao humwezesha Katibu Mkuu wa Wizara, Hazina na Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuona chuo kimekusanya nini na kimetumia nini. Na kuna uwazi wa kwenda chini, ambao humwezesha mwalimu wa karakana, mwanachuo wa ushonaji, mpishi wa bwalo na mwanakijiji anayepakana na uzio wa chuo kujua mambo hayohayo, kwa lugha anayoielewa, na mapema kiasi cha kuweza kusema neno. Mifumo ya kielektroniki imeimarisha ule wa kwanza kwa kiwango kikubwa. Wa pili haikuugusa, kwa sababu haikujengwa kwa ajili hiyo. Na uwazi wa kwenda chini, hata ukipatikana, hautadumu iwapo wale wanaopewa taarifa hawana kiti mahali maamuzi yanapofanyika, kwa kuwa mtu anayesomewa taarifa asiyoweza kuibadilisha huacha kuisikiliza baada ya mara mbili au tatu. Ndiyo maana naona uwazi na uongozi shirikishi ni jambo moja, na kosa letu limekuwa kuyatenganisha.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivyo, ambavyo leo ni 54 nchini, vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Uswidi, ambavyo navyo vilikuwa vimechota wazo kutoka Denmark, kilipofunguliwa chuo cha kwanza cha aina hiyo mjini Rødding mwaka 1844. Katika mkoa wetu tunacho Munguri kule Kondoa na Chisalu kule Mpwapwa. Wazo la awali lilikuwa la kipekee: kijiji ndicho kilichomchagua mtu wa kwenda kusoma, na mtu huyo alitarajiwa kurudi kijijini akiwa na ufundi na maarifa ya kuwatumikia waliomtuma. Havikuwa vyuo vya kutafuta cheti. Chuo kilikuwa mali ya jamii kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo, kwani jamii ilijua nani ameingia, kwa nini ameingia, na atarudi lini. Baada ya hapo mengi yalibadilika. Vyuo vilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu kwenda wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, kisha vikarudishwa elimu. Kozi za ufundi stadi zenye mitihani ya VETA zikachukua nafasi kubwa. Na kijiji kikaacha kutuma mtu. Jina la wananchi limebaki kwenye kibao cha barabarani. Ni nani hasa anayewawakilisha wananchi hao ndani ya geti, hilo halijibiwi kwa urahisi.

Linganisha na kijiji chenyewe. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unaundwa na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, unapaswa kukutana walau kila baada ya miezi mitatu, na ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa. Mikutano hiyo ina udhaifu wake. Mingine haifanyiki, na mingine mtendaji anasoma tarakimu kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Hata hivyo nimeshuhudia, katika vijiji vya Chamwino na Chemba, wananchi wakikataa kuipokea taarifa mpaka waelezwe mifuko ya saruji iliyobaki iko wapi. Mama aliyesimama chini ya mbuyu na kuuliza habari za saruji anajua kwamba ana haki hiyo na hakuna anayemshangaa. Mwezi unaofuata mama huyohuyo anajiunga na chuo kilicho kilomita chache kutoka kijijini kwake, asome ushonaji au upishi. Akishavuka geti, haki ile anaiacha nje. Anageuka kuwa mwanachuo, mtu wa kupewa ratiba na kanuni za mavazi, na akiuliza ada ya vifaa vya mafunzo kwa vitendo imenunua nini, ataambiwa aende kwa mlezi wa wanafunzi. Ni raia yuleyule, fedha ni za umma zilezile, na umbali ni wa kutembea kwa miguu. Sijawahi kusikia sababu ya kuridhisha ya tofauti hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa, kama mmoja wa wawakilishi wa wazazi, katika kikao cha bodi ya chuo kimoja cha ufundi katika kanda hii. Makabrasha tuligawiwa mlangoni, yakiwa bado na joto la mashine. Ajenda ya bajeti ilikuwa ya tano. Ilipofika, mhasibu alisoma jumla ya mapato, jumla ya matumizi na bakaa. Vifungu vyenyewe vilikuwa na namba ndefu na majina ya Kiingereza, na katika chumba kile tulikuwamo watu wasiopungua wanne ambao hatukuweza kutofautisha kifungu kimoja na kingine. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Ikapita. Kisha tulipofika kwenye mengineyo, wajumbe wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba, mwakilishi wa wanachuo, kijana wa uchomeleaji aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, alinyoosha mkono akasema kwamba karakana yao haijawa na vijiti vya kuchomelea kwa wiki tano, na akauliza ni katika kifungu gani vijiti hivyo vinanunuliwa. Hakuna aliyemkemea. Aliambiwa tu, kwa upole, kwamba suala la bajeti limekwishapita na kwamba lake lingeshughulikiwa kiutawala. Katika muhtasari tulioletewa baadaye swali lake halikuandikwa.

Kikao kile hakikuvunja sheria yoyote. Akidi ilitimia, bodi iliidhinisha, na sina sababu ya kudhani kwamba kuna shilingi iliyoibwa. Mkaguzi angekipitia angeridhika. Hata hivyo taarifa muhimu kuliko zote zilizoingia chumbani asubuhi ile, kwamba wanaofundishwa kuchomelea wamekaa wiki tano bila kuchomelea, iliingia kupitia mlango wa nyuma na ikatolewa kupitia mlango huohuo. Kwa macho ya mfumo, chuo kile kilikuwa na bajeti iliyotekelezwa. Kwa macho ya kijana yule, kulikuwa na karakana iliyosimama. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na uongozi ulioona ukweli wa kwanza tu haukuwa na njia ya kujua kwamba unakosea.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika mapato yatokanayo na kazi za wanachuo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani ndipo palipo na kiini. Vyuo vya ufundi hufundisha kwa kutengeneza. Wanachuo wa useremala hutengeneza madawati na vitanda, wa uchomeleaji hutengeneza mageti na madirisha, wa ushonaji hushona sare za shule, wa kilimo hulima bustani na kufuga kuku. Vitu hivyo huuzwa, na ni haki viuzwe, maana chuo kinachotegemea ruzuku peke yake hakifiki mbali. Malipo yakifanywa kwa kontroo namba yanaonekana Hazina. Lakini mfumo huona shilingi iliyolipwa; hauoni geti lililochomelewa. Kama mageti 6 yalitengenezwa na manne yakalipiwa, mfumo utaonyesha malipo ya mageti manne na hautakuwa umekosea hata senti moja. Mwenye kujua kwamba yalikuwa 6 ni yule aliyeyashika mikononi, aliyevuta moshi wake na ambaye viatu vyake vina matundu ya cheche. Anajua mabomba mangapi yalitumika, nani alikuja kuyachukua na kwa gari gani. Kwa maneno mengine, mdhibiti bora wa mapato ya ndani ya chuo cha ufundi yuko karakanani tayari, halipwi chochote, na anachokosa ni karatasi moja tu ya kulinganisha alichokitengeneza na kilichoandikwa. Tunatumia fedha nyingi kujenga mifumo ya kuona kwa mbali, na tumemfunga macho aliye karibu.

Hakuna mfano unaolieleza hili vizuri kuliko wa jirani zetu Uganda. Utafiti uliofuatilia ruzuku ya shule za msingi nchini humo kati ya mwaka 1991 na 1995 ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha iliyotolewa kwa ajili ya matumizi ya shule ndiyo iliyofika shuleni. Kinachonivutia ni kwamba kumbukumbu za serikali kuu zilionyesha fedha imetoka. Kwa upande wa juu hapakuwa na fumbo. Fumbo lilikuwa chini, ambako walimu wakuu na wazazi hawakujua ni kiasi gani walistahili kupata, hivyo hawakuwa na la kudai. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha iliyopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika taarifa zao. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyokuwa ikifika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wapo wachambuzi walioonya, kwa haki, kwamba magazeti peke yake hayastahili sifa yote, kwa sababu katika kipindi hicho hicho usimamizi wa fedha ulibadilishwa kwa njia nyingine pia. Nakubaliana nao. Onyo lao linatuzuia kuufanya ubao wa matangazo kuwa dawa ya kila kitu. Halitupi sababu ya kuuacha mtupu. Nasi hapa nyumbani tuliwahi kulijua jambo hili, kwani wakati wa MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao zao, na kamati za shule zikapewa sehemu katika kuamua matumizi. Tulichokiona kinafaa kwa shule ya msingi ya kijijini hatujakidai kwa uzito uleule kwa chuo.

Wanaopinga uongozi shirikishi vyuoni wana hoja, na mojawapo ni nzito. Wanasema mkuu wa chuo ndiye anayetia saini, ndiye atakayejibu hoja za ukaguzi, na ndiye atakayeadhibiwa mambo yakiharibika. Kumlazimisha agawane maamuzi na watu ambao hawatagawana naye lawama ni kumtendea isivyo haki, na pia ni kuufifisha uwajibikaji, maana penye waamuzi wengi kila mmoja humwonyeshea kidole mwenzake. Nimezungumza na wakuu wa vyuo waaminifu wenye hofu hii na siipuuzi. Lakini inachanganya mambo mawili: kuamua na kushauriwa. Vyuo vya jamii vya jimbo la California, Marekani, vilikutana na tatizo hilihili. Sheria ya mwaka 1988 iliyojulikana kama AB 1725, pamoja na kanuni zilizofuata, iliwapa walimu kupitia baraza lao la kitaaluma haki ya kushauriwa katika mambo yaliyotajwa kwa majina, yakiwemo mitaala, viwango vya taaluma na taratibu za kuandaa bajeti, na wanafunzi nao wakapewa haki ya kushiriki katika mambo yanayowagusa kwa kiasi kikubwa. Bodi ya chuo haikunyang'anywa mamlaka ya mwisho. Kilichoongezwa ni sharti dogo lenye nguvu kubwa: ushauri wa baraza usipokubaliwa, baraza likidai, bodi inapaswa kueleza sababu zake kwa maandishi. Saini inabaki ya mwenye dhamana na lawama inabaki yake. Anachopoteza ni uwezo wa kukataa bila kusema kwa nini. Tena kwa mkuu mwaminifu karatasi hiyo ni ngao, kwani siku ya ukaguzi ataweza kuonyesha nani aliulizwa, alisema nini, na kwa nini uamuzi ulikwenda ulivyokwenda.

Hoja ya pili ni kwamba ushirikishwaji wetu huishia kwenye posho na vikao vitupu. Hii nami naikubali kwa sehemu kubwa, maana historia inaiunga mkono. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika na sehemu za kazi za umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake maarufu ya 15, ukakemea viongozi wenye majivuno na udhalimu. Kwa maandishi, nchi chache za Afrika zilikuwa zimefika hapo. Kwa vitendo mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, menejimenti ndiyo iliyoandaa ajenda, na mwanya kati ya ahadi na hali halisi ukazaa uchungu kuliko kama ahadi isingetolewa. Mabaraza ya wafanyakazi bado yapo kisheria katika utumishi wa umma, na katika taasisi nyingi hukutana mara moja au mbili kwa mwaka kusikiliza bajeti iliyokwishaandikwa. Lakini funzo ninalolipata hapo ni tofauti na wanalolipata wenye hoja hii. Wao wanasema tuache. Mimi naona kilichoyaua mabaraza ni mambo ya kawaida kabisa yanayorekebishika: makabrasha kuchelewa, ajenda kushikwa na upande mmoja, muhtasari kuandikwa na mtu aliyehojiwa, na yatokanayo kusomwa bila mtu kueleza lililotekelezwa na lililoshindikana. Mjumbe aliyepewa karatasi siku saba kabla, kwa Kiswahili, ni mjumbe mwingine kabisa na yule aliyepewa mlangoni. Posho haina uhusiano na hilo.

Inasemwa pia kwamba wanachuo ni wapita njia, wanakaa mwaka mmoja au miwili na kuondoka, hivyo hawawezi kuwa na uchungu na chuo. Hoja hii inasahau ni watu gani wamo katika vyuo hivi. Programu ya Elimu Haina Mwisho imewarudisha darasani katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi wasichana waliokatishwa masomo, wengi wakiwa na watoto wao mgongoni; wapo mafundi waliofanya kazi mtaani miaka kumi kabla ya kuja kutafuta cheti. Mtu anayepanga bajeti ya familia kwa mapato ya alizeti ya msimu mmoja hahitaji kufundishwa maana ya bakaa.

Iliyo dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayotumika zaidi, ni ile inayodai kwamba taarifa zikiwekwa wazi zitaleta uchochezi. Kwamba wanachuo wakijua kiasi kilichoingia watagoma kwa kutoridhika na matumizi. Sina kumbukumbu ya mgomo ulioanza kwa sababu watu walijua mno. Migogoro ya vyuo ninayoifahamu imeota penye ukimya, ambapo tetesi huziba pengo la taarifa, na tetesi siku zote huwa mbaya kuliko ukweli. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga aliondolewa chuoni baada ya kutoa barua ya wazi kwa uongozi, na wanafunzi wakasusia masomo. Kilichouwasha moto ule kilikuwa jibu la nguvu kwa barua iliyohitaji kujibiwa kwa barua. Wanaosema uwazi huleta vurugu wanapaswa pia kueleza kwa nini vijiji vyetu, ambavyo hesabu zake husomwa hadharani mbele ya watu wasio na elimu ya juu, havichomwi moto kila robo mwaka. Na kama kuna matumizi ambayo kuyajua tu kunatosha kuwakasirisha wanachuo wote, basi ni matumizi hayo yanayohitaji kuchunguzwa, wala hasira si tatizo la kwanza.

Mtu anaweza kusema kwamba sheria ipo tayari, na ni kweli. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, ibara ya 8 inataka wananchi washiriki katika shughuli za Serikali yao, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji jibu ndani ya siku 30. Lakini haki inayoanza kwa maombi ya maandishi humfaa mwandishi wa habari au wakili zaidi kuliko mwanachuo wa kozi fupi ya miezi mitatu, ambaye theluthi ya masomo yake itakuwa imekwisha kabla hajajibiwa, na ambaye barua yake itasomwa na mtu anayesaini karatasi zake za matokeo. Taarifa za msingi za chuo zinapaswa kumfikia bila kuomba. Lugha nayo si jambo la pembeni. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake huwasilishwa Bungeni hapa Dodoma kila mwaka, huzitoa pia kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi. Na masomo katika vyuo vya wananchi hufundishwa kwa Kiswahili. Bajeti ya chuo kubaki katika vifungu vya Kiingereza vyenye tarakimu ndefu hakuna kinachoilazimisha isipokuwa mazoea.

Ninachokipendekeza hakihitaji sheria mpya wala mfadhili. Kila muhula, ukurasa mmoja kwa Kiswahili ubandikwe mahali ambapo mtu anapita bila kuomba ufunguo, uonyeshe kilichoingia kwa kila chanzo, kilichotumika kwa kila idara, madeni, na orodha ya vitu vilivyotengenezwa karakanani pamoja na bei yake na aliyevinunua, iwe ni shule, ofisi au mtu binafsi. Mwakilishi wa wanachuo, wa walimu, wa wafanyakazi wasio walimu na wa kijiji jirani wapewe makabrasha siku saba kabla ya kikao cha bodi, na ushauri wao ukikataliwa waandikiwe sababu. Mkuu wa chuo aendelee kuamua. Haya ni madogo, na baadhi ya vyuo tayari vinayafanya kwa sehemu kwa sababu ya hekima ya wakuu wake, lakini hekima ya mtu huhamishwa naye pale barua ya uhamisho inapofika, na mrithi wake huanza upya apendavyo.

Udharura unatokana na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na Bunge hukaa hapa kuanzia Aprili hadi Juni kupitisha bajeti, lakini makisio ya chuo huandikwa miezi mingi nyuma, pale mwongozo wa maandalizi ya bajeti unapotoka na wakuu wa idara kuambiwa walete mahitaji yao kufikia Ijumaa. Ni katika siku hizo chache, kabla mahitaji hayajageuka kuwa vifungu, ambapo mwalimu wa uchomeleaji na mwakilishi wa wanafunzi wake wanaweza kukaa mezani na kusema ni vijiti vingapi hutumika kwa wiki. Ikifika Machi karatasi iko wizarani Mtumba, na ikifika Juni imekuwa sheria. Vyuo vinavyopanuliwa sasa kwa ajili ya mkondo wa amali vitaandika makisio yao ya kwanza ya ukubwa huu katika miezi ijayo, na nafasi za wawakilishi katika kikao hicho cha makisio bado hazijapangiwa mtu.